Baa gani iende Micheweni?

Kimya changu cha wiki mbili ni cha asaimenti, siumwi wala sijaposwa. Leo naandika kuhusu baa. Tulieni, si ile ya bia, wala si baa la njaa. Ni kile kijiti anachoshika mtu wa kaiti (tiara kwa Kiswahili cha darasani), wale mnaowaona Paje wakiruka juu ya maji mkienda kupunga upepo Jumapili. Kutoka hapa Tunguu mpaka Paje ni daladala moja, ndo maana wikiendi hamnioni hosteli. Nakuwa pwani nawapulizia wageni kaiti na kuwakunjia, na kuendesha nimejifunza humo humo.

Sasa habari yenyewe. Mdogo wangu yuko nyumbani Micheweni. Kusi la mwaka jana alikuja kwangu, akajifunza Paje miezi miwili, akarudi Pemba na kaiti ya mita za mraba 9 aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa anaondoka. Kaiti anayo, baa hana. Kaka mtu ndo kapokea bumu, kwa hiyo mnajua nani anatafutwa. Nimepata baa tatu za mkononi, bei hazipishani sana, zote zinaingiana na kaiti yake. Kinachozitofautisha ni kipunguzi.

Kwa wasiojua. Baa ina kamba nne, kila moja mita 20 na kitu. Mbili za kati zinakwenda mbele ya kaiti, hizo ndo zinabeba uzito wako kwa mkanda wa kiunoni. Mbili za pembeni zinakwenda nyuma, za kugeuzia. Ukivuta baa kwako, nyuma ya kaiti inashuka, inakamata upepo, unavutwa. Ukiisukuma, kaiti inalala, upepo unapita. Hiyo ni kazi ya mkono ya kila dakika. Kipunguzi kinafanya jambo jengine: kinafupisha zile kamba za mbele, kwa hiyo kaiti inalala zaidi hata baa ikiwa pale pale. Unakivuta pale upepo unapoizidi kaiti uliyonayo.

Na upepo unazidi kweli. Nguvu yake haiendi sawa na kasi, inakwenda kwa kipeo cha pili. Ukitoka noti 14 ukafika noti 20, usidhani umeongezewa kidogo, umezidishiwa mara mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, hiyo ni kama noti 22. Kwa kijana mwembamba wa Micheweni na mita 9, hapo bila kipunguzi unageuka kishada wewe.

Haya, baa ya kwanza ina ukanda. Juu ya baa, mbali kidogo, kuna ukanda mpana unaopita kwenye bakoli ya chuma, una vishikio viwili. Unavuta kimoja nguvu inapungua, unavuta cha pili inarudi. Mshikaji wangu wa rumu moja kaipenda hii vibaya sana, anasema haina mkia wa kamba unaoning'inia ukajisokota kwenye baa. Kweli, mkia ni karaha. Nimemwona mwanafunzi mmoja pale pwani mkia umemzunguka baa, hawezi kuisukuma wala kuivuta, mwalimu akamkimbilia ndani ya maji. Lakini ukanda ukishachakaa na mchanga ukaingia kwenye bakoli, unateleza polepole. Unapunguza, baada ya robo saa nguvu imerudi na wewe hukugusa kitu.

Ya pili ina kibano cha meno. Kamba inapita kwenye roda ndogo, inakuja kukaa kati ya meno. Ukiivuta chini inashika, ukiichomoa pembeni inaachia. Ya tatu ndo ya kisasa, Click Bar ya Duotone. Unazungusha kichwa kilichopo mwishoni mwa baa kupunguza, ukitaka kurudisha unabonyeza kitufe. Mkono hautoki kwenye baa! Wallahi nimeijaribu na imenikosesha usingizi. Ni raha ya kipumbavu.

Humu chumbani tumebishana usiku kucha ipi ni nyepesi kuitumia. Kwa wepesi Click inashinda, sina ubishi. Mie swali langu lilikuwa jengine: ikiharibika Micheweni itakuwaje? Paje pana mafundi, pana maduka ya vipuri, pana boti za kukufuata ukichukuliwa. Kwetu mdogo wangu atakuwa peke yake na rafiki mmoja ufukweni. Na pwani yetu si uwanja mtupu. Upande wa Maziwa Ng'ombe maji yakitoka unaona vigingi na kamba za mwani, riziki za akina mama, bi mkubwa wetu akiwemo. Kaiti ikimburura pale, kabla hajaumia yeye keshang'oa mwani wa watu. Halafu mtu aniambie baa ni mambo ya anasa.

Nikampigia ami. Ami wangu ni mtu wa ngalawa tangu sijazaliwa, kaiti anaijua kwa kuiona tu.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hicho kijiti akishikacho ndo demani?"

"Ndo demani, ami. Na kipo kitu chengine cha kupunguza tanga."

"Aa. Basi demani haipigwi fundo. Ishikwe, ukiiachia iende. Lakini tanga ukishalipunguza, lifunge haswa, lisije likafunguka wenyewe kati ya maji. Na kamba yake iwe ya kupatikana."

Hapo ubishi wetu ukaisha, angalau upande wangu. Sisi tulikuwa tunakipima kipunguzi kama demani, kwa haraka yake. Kumbe haraka ni kazi ya baa, upepo ukipiga ghafla unaisukuma. Kipunguzi unakiweka mara tatu nne kwa jioni nzima, na ukishakiweka unataka kibaki hapo hapo. Kwa hesabu hiyo ukanda uliochakaa umeanguka. Click inashika vizuri, ila ndani yake mna vidude vidogo ambavyo siwezi kuvipata Konde wala Wete, na mdogo wangu hawezi kuvifungua kwa bisibisi ya baiskeli. Kibano cha meno kina kamba na roda, basi. Kamba ikiliwa na meno unaikata kipande, au unaweka nyengine ya unene ule ule.

Nimechukua ya meno. Mshikaji kanuna mpaka leo.

Ila ina taabu yake, na hii wengi wanaipuuza wakinunua: kibano kipo juu ya baa, na mdogo wangu mikono yake mifupi. Ukielemewa, baa inakuwa imeshakwenda mbali, na kibano kipo mbali zaidi, yaani kinakimbia pale pale unapokihitaji. Dawa ni kuifupisha kamba ya kati ili kibano kisogee. Lakini ukiifupisha sana unaiba ile nafasi ya kusukuma baa, na nafasi hiyo ndo demani yenyewe. Nimefunga kitanzi cha kiunoni kwenye mnazi, mkanda nimeuvaa mdogo wa kipimo chake, nikamwita kijana mfupi wa hapa jirani asukume baa mpaka mkono unyooke, kisha anyooshe vidole. Nimefupisha mpaka ncha za vidole zikagusa mpira wa kibano, nikaacha hapo. Akifika Micheweni atapima tena kwa mkono wake kabla kaiti haijapanda.

Nimemwandikia kwenye karatasi mambo mengine. Aoshe kibano kwa maji baridi kila akitoka, chumvi ikikauka meno hayang'ati. Apitishe vidole kwenye kamba ya kati kila wiki, chembe za mchanga zinaikata kwa ndani. Kamba za mbele zinabeba uzito mwingi na baada ya muda zinarefuka, kaiti inaanza kurudi nyuma angani kama imelewa, basi avute kipunguzi kidogo, akitoka apime kamba zote nne kwenye kigingi kimoja. Na kipunguzi si kifyatulio! Kifyatulio ni kile chekundu juu ya kitanzi, siku hizi kina mpaka kiwango chake cha kimataifa, ISO 21853 cha mwaka 2020. Akielemewa kabisa asihangaike na meno, afyatue, kaiti ianguke, mwani ubaki.

Mzigo uko kwenye polo chini ya kitanda, unaondoka na boti ya Ijumaa pamoja na mita tatu za kamba ya akiba. Ami kasema atakwenda ufukweni kuangalia siku ya kwanza, eti aone demani ya Wazungu. Bumu limebaki la chapati na chai mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwenye biriani ajue nakaa bloku gani.