Gihosha: Kingo za Mto na Hesabu ya Mwaka

Mgeni apandaye kutoka katikati ya mji wa Bujumbura kuelekea kaskazini-mashariki huiona ardhi ikiinuka kidogo kidogo mpaka afikapo Gihosha. Akigeuka nyuma, huliona Ziwa Tanganyika limetandazwa chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Gihosha ilikuwa tarafa ya peke yake hadi mwaka 2014, ilipounganishwa na jirani zake katika tarafa kubwa ya Ntahangwa. Jina hilo ni la mto ushukao milimani, ukapita kati ya mitaa na kuteremka kuelekea Buyenzi, mtaa mashuhuri wa Waswahili, kisha ukaingia ziwani.

Wakati wa kiangazi, Ntahangwa ni maji machache yapitayo kati ya mawe. Ikifika Desemba, mvua zikiwa zimeshika, mto hugeuka rangi ya udongo na kuanza kula kingo zake. Zipo nyumba zilizokwisha kwenda na maji, na familia zilizolazimika kuhama. Aghalabu si mvua moja iliyofanya hayo. Kila mvua imekula kipande chake, na mwenye nyumba akasema bado pana nafasi, hata asubuhi moja akauona ufa umekatiza uani.

Basi mwandishi akaaye pande hizo hana haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo cha mwaka wake. Mwaka unapokwisha hujiuliza maswali mawili: ameandika kurasa ngapi, na mwili umekuwaje? Kwa kweli maswali hayo ni ndugu. Kazi ya kalamu ni kazi ya kukaa. Mgongo hupinda, usingizi hukatwa, sigara na chupa huwa wenzi wa usiku; na siku afya inapogoma, kalamu nayo hulala. Mwandishi wa Kijapani, Haruki Murakami, aliliona hilo mapema. Mwaka 1982, alipokwisha kuamua kuishi kwa kalamu peke yake, alianza kukimbia, akaiacha na sigara. Tangu hapo amekimbia marathoni nyingi, na vitabu havikukoma.

Watu wa Bujumbura hawakungoja kufundishwa jambo hilo kutoka ng'ambo. Kwa miaka mingi, asubuhi za mwisho wa wiki, makundi ya vijana na wazee yamekuwa yakipanda vilima vya mji kwa mbio, huku yakiimba. Askari asomaye habari hii atautambua mchakamchaka, ila huu ni wa raia, usio na amri wala filimbi. Nchi hiyo ndogo ndiyo iliyomtoa Vénuste Niyongabo, aliyepata medali ya dhahabu katika mbio za mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, mara ya kwanza Burundi kushiriki michezo ya Olimpiki.

Lakini mazoea ya kundi yana udhaifu wake. Mwezi Machi 2014, baada ya mapambano kati ya polisi na vijana wa chama cha upinzani, serikali ilipiga marufuku mbio za makundi mjini, isipokuwa mahali palipotengwa. Aliyezoea kusukumwa na wimbo wa wenzake alipata sababu ya kubaki kitandani. Aliyekuwa na desturi yake mwenyewe aliweza kufunga viatu na kutoka peke yake.

Waandishi nao walipata mtihani wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa na baraza lao mjini, lililoitwa Samandari, wakisomeana na kukosoana. Mwaka 2015 machafuko ya kisiasa yaliwatawanya wengi. Mshairi Ketty Nivyabandi, aliyekuwa mbele katika maandamano ya wanawake, alikwenda uhamishoni Kanada. Baraza likivunjika, humbakia mtu meza yake na saa yake ya alfajiri. Michel Kayoya, padri na mwandishi mashuhuri wa Burundi, aliuawa mwaka 1972 kabla hajatimiza miaka 40. Vitabu vyake vinaendelea kusomwa kwa sababu aliviandika wakati alipokuwa na uhai, hakuviahirisha.

Hesabu hii si ya waandishi peke yao. Yupo askari kambini mwenye daftari la mashairi chini ya godoro. Yupo mama wa nyumbani mwenye hadithi aliyoianza tangu Januari. Mtu wa namna hiyo asijiwekee nadhiri kubwa, ambayo Februari haitaikuta. Ukurasa mmoja kabla nyumba haijaamka, mwendo wa nusu saa kwa miguu, chandarua kitandani, glasi ya maji mahali pa ile chupa ya pili: hayo yanatosha kuanzia. Na jamaa wa nyumbani wamsaidie kwa kumwachia saa yake.

Katika sehemu kadhaa za Ntahangwa, kuta za mawe zimejengwa ili kuzuia kingo zisiendelee kumeguka. Mawe hayo yalipangwa moja juu ya jingine, na kazi ya namna hiyo hufanywa vizuri wakati maji ni machache. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gihosha wapo wanaoujua ukuta huo ni gharama gani.