Kimashine Kidogo na Kiraka cha Debe

Miongoni mwa zana zilizoingia katika karakana zetu, hakuna iliyonishughulisha fikra kama kile kimashine cha umeme kinachoshikwa vidoleni mithili ya kalamu. Mafundi wa nchi nyingi hukiita Dremel hata kikiwa kimetengenezwa na wengine, jina la mmoja likawa la ukoo mzima. Albert Dremel, mzaliwa wa Austria, alianzisha kampuni yake mjini Racine, Wisconsin, mwaka 1932. Ndani ya kidude hicho mna mota tu, na mbele yake kibanio cha ncha zenye shina la milimita 3 hivi. Ncha hizo ni za kila namna: vijiwe vya kusagia, brashi za waya, misasa ya mviringo, diski nyembamba za kukatia, sufu ya kung'arishia. Baadhi ya aina zake huzunguka hata mara 35,000 kwa dakika.

Kilinijia kwa sababu ya Morris Minor ya marehemu baba yangu, ya mwaka 1958. Ndugu zangu walitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama hakutamka neno, na kimya chake nilikielewa.

Wapenzi wa ushairi watanivumilia nikisema kwamba gari hili nalo lina kisa cha mizani. Mchoraji wake, Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, alikwisha kulisanifu lote, na uzinduzi wa London wa mwaka 1948 umekaribia, ndipo jicho lake lilipomwambia kwamba ni jembamba mno. Akaamuru gari la majaribio lipasuliwe katikati kwa urefu, vipande vitenganishwe mpaka macho yaridhike, kisha pengo lijazwe. Pengo hilo lilikuwa inchi 4. Ndiyo maana boneti ina bapa lililoinuka katikati, na bampa za magari ya mwanzo zilikatwa na kutiwa kipande. Mshairi aliyekuta mshororo umepungua mizani akaujaliza bila kuharibu kina atamtambua Issigonis kuwa ni mwenzake. Kila nilipopitisha kitambaa juu ya bapa lile nililiona kama silabi.

Adui wa gari visiwani ni chumvi. Huufanya unyevu upitishe umeme kwa wepesi zaidi, na kutu, ambayo haiendi bila mkondo huo mdogo wa umeme, ikapata njia. Hujificha pale bati mbili zinapolaliana, penye mikunjo ya milango, chini ya raba za vioo, ndani ya vishimo vidogo ambavyo msasa wa mkono hupita juu yake bila kuvigusa. Grinda kubwa huvifikia, lakini hula na bati zima lililo kando. Kimashine chetu huingia ndani ya kishimo kimoja, kikakisafisha mpaka chuma cheupe kikaonekana, na jirani yake asijue kilichotendeka.

Siri yake ni kwamba kina kasi, hakina nguvu. Ukikikandamiza hulemewa, ncha ikapata moto, na diski ya kukatia ikipindwa kidogo tu huvunjika na kuruka; asiyevaa miwani ya kazi asiikaribie. Yafaa kuigusisha ncha, kuiondoa, kuigusisha tena. Na kuna pasipofaa kukipeleka kabisa. Pistoni ya kabureta la SU imechongwa ikaribiane mno na chumba chake, nayo husafishwa kwa kitambaa na petroli, si kwa jiwe. Bitana za breki za magari ya umri ule zilikuwa na asbesto, na rangi za zamani mara nyingi zina risasi: vumbi la vitu hivyo si la kuvutwa puani, wala la kupulizwa hewani mbele ya watoto.

Aliyenielekeza ni fundi mzee aliyelihudumia gari hili tangu enzi za baba. Mikono yake ilikwisha kuanza kutetemeka. Macho yake yalikuwa mazima. Alikaa juu ya kigoda akininyooshea kidole. Unguja ilipokosa umeme, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kimashine kililala kabatini, naye akanipa tupa yake, ambayo mpini wake ulikuwa umeliwa na kiganja chake. Katika miezi ile nilijifunza kusikia chuma. Tupa hulia kwa sauti moja juu ya kutu na kwa sauti nyingine juu ya bati zima, jambo ambalo mvumo wa mota huufichia mkono.

Umeme uliporudi tulifika sakafuni, upande wa abiria, ambako ndiko mama alikokaa miaka yote. Hapo palikuwa na kiraka cha debe la mafuta ya kupikia, kilichopigwa ribiti 22 na kupakwa lami. Fundi alikitia katika miaka ya sabini, bidhaa za kutoka nje zilipokuwa adimu. Mimi nilitaka kibaki. Nilimwambia kwamba kiraka kile ni historia yetu, na kwamba gari likirudishwa kama lilivyotoka Oxford litakuwa la Waingereza, si la baba.

"Mwanangu," akasema, "wewe unaona historia. Mimi naona dhiki. Kila nilipomwona mama yako anapanda, nilitazama pembeni."

"Lakini Ami, kimemstahamilia miaka thelathini na zaidi."

"Amekistahamilia yeye. Kitoe."

Sikukubaliana naye, na hata leo moyo wangu haujatulia. Lakini kazi ilikuwa yake kabla ya kuwa yangu. Nikatia kijiwe, nikasaga kichwa cha kila ribiti kwa zamu, yeye akihesabu kwa sauti. Chini ya debe, bati la asili lilikuwa limebaki kama karatasi iliyolowa.

Bati jipya lilichomewa na kijana wa jirani. Siku rangi ilipokauka, fundi alifungua mlango wa abiria, akaketi pale pa mama, akaikanyaga sakafu kwa kisigino mara mbili, akasikiliza, kisha akaniambia nitie gari moto.