Safari ya Siku Moja: Vuga na Mazinde

Wasomaji wetu, huenda mmesikia ya kuwa huko Uingereza watu hupenda kuondoka London asubuhi wakaenda Stratford, mji alimozaliwa Shakespeare, mtunzi wa michezo, mwaka 1564. Kisha hupita Warwick kuitazama ngome ya kale, na usiku wamekwisha rudi kwao. Sisi wa Lushoto tukaulizana: Je, kwetu hapana mtunzi wala ngome? Tukaona vyote viwili vipo, tena karibu. Mtunzi ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, aliyetunga Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapishwa na wamisionari wa Magila kwa sehemu tatu, tangu mwaka 1895 hata 1907. Yeye hakuzaliwa milimani, alikuwa mtu wa pwani. Lakini alikaa na Semboja, mkuu wa Mazinde, na huko ndiko alikowajua Wakilindi. Na ngome ni Vuga, mji wa wafalme wa Usambara.

Tulikuwa na sababu nyingine ya kwenda, nayo hatuifichi. Mama yake babu yetu alitekwa utotoni katika vita vya Semboja, akapelekwa Mazinde pamoja na kaka yake. Yeye alikombolewa na wajomba zake kwa mbuzi. Kaka yake alikwisha kuuzwa kwa watu wa Pangani, wala hakuonekana tena. Habari hii tuliambiwa na babu mara nyingi, ila mahali penyewe hatukupata kupaona.

Basi tukatoka Lushoto alfajiri, baridi ikiuma, sisi wazee wawili na mjukuu wetu wa miaka tisa, na kitabu mfukoni, chapa ya mwaka 1962. Tulipofika Soni, mahali pa maporomoko ya maji, tuliiacha barabara kubwa, tukashika njia ya Vuga.

Mjukuu alitangulia kushuka garini. Akatazama huku na huku, migomba na nyumba za bati, akasema, “Babu, ngome iko wapi?” Kusema kweli, hata sisi mioyoni tulikuwa tukitazamia japo msingi wa ukuta. Ngome ya Warwick ni ya mawe, na minara yake mikubwa ingalipo tangu karne ya 14. Vuga haikujengwa kwa mawe. Ilikuwa mji wa nyumba za mviringo, zimeezekwa nyasi hata chini, katikati ya migomba. Mwingereza Burton, aliyepanda huku na mwenziwe Speke mwaka 1857, aliandika ya kuwa zilikuwa yapata 500, na wageni hawakuruhusiwa kuingia mjini. Ukuta wake ulikuwa mlima wenyewe, na heshima ya mfalme aliyekaa juu yake.

Tulimkuta mzee mmoja ameketi kivulini. Tukamwamkia, “Onga mshi,” naye akafurahi, akamwuliza mjukuu kama anajua Kishambaa. Mtoto akainama kwa haya, nasi tukainama zaidi, maana kosa ni letu.

Mzee akatuhadithia habari za Mbega: jinsi alivyoota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kuwa kigego, jinsi alivyokimbia Kilindi baada ya mwana wa mkuu kuuawa na nguruwe mwitu walipokuwa wakiwinda, jinsi alivyoingia milimani na mbwa zake, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba, hata akaua simba, na watu wa Vuga wakamtawaza. Mjukuu alisahau ngome ya mawe kabisa. Akauliza mbwa walikuwa wangapi.

Tukamwonyesha mzee kitabu. Akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akasema, “Wanangu, ni kitabu kizuri. Lakini aliyekiandika alikula chakula cha Semboja.”

Neno hilo tulishuka nalo hata Mombo, nalo ni la haki. Kimweri wa Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ufalme ulimwangukia mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, aliyekuwa mwana wa Kimweri, akapigana naye, na yapata mwaka 1868 akaiteka Vuga. Lakini hakukaa katika kiti kile cha baba yake. Alimweka mwanawe juu mlimani, yeye mwenyewe akakaa Mazinde bondeni, kwa kuwa huko ndiko ilikopita njia ya misafara, ndiko zilikopatikana bunduki na baruti. Na bunduki zilinunuliwa kwa pembe za ndovu na kwa watu.

Mazinde ni joto tupu. Kuna mkonge, na reli ya Tanga, na barabara kuu iendayo Moshi, na malori hayana subira. Tulitafuta alama ya boma la Semboja. Kijana mmoja akatuonyesha upande huu, mama mmoja upande wa pili. Tukasimama chini ya mti tukafungua kitabu. Majina ya wakuu ni mengi, na maneno yao yamepambwa vizuri mno. Kwa hilo tunamshukuru mtunzi, maana pasipo yeye mengi yangepotea. Jina la mtoto wa kwetu hatukulipata. Pengine Abdallah alimwona akipita hapo na kamba, pengine hakumwona. Bibi yenu akalia kidogo, akasema ni vumbi.

Hatukukaa sana. Tangu Mombo hata Lushoto ni yapata kilometa 33 za kupanda, na kona zile si za kuendea usiku. Soni tukanunua pea. Mtoto akauliza yule kaka aliyeuzwa Pangani aliitwaje. Tukamwambia. Akalitaja jina mara mbili, tatu, kama mtu ajifunzaye kusoma, akauliza tena kwa Kishambaa “kaka” husemwaje, na kabla hatujamaliza kumjibu alikuwa amelala, pea mkononi.