Mahindi ya Naitiri



Mwezi wa sita nilimzuru binti yangu aliyeolewa Naitiri, kaunti ya Bungoma. Kutoka Mombasa hadi Kitale ni zaidi ya kilomita 800, kisha matatu. Na baridi ya huko ilinilazimisha kuazima koti la mkwe wangu.

Mama yake alikwisha kuniambia, "Huko kila kitu rahisi." Na kweli, maziwa hutoka kwa jirani, sukuma wiki imeota nyuma ya jiko, na maji ni ya kisima chao wenyewe. Nyumba haina kodi. Mombasa hayo yote twayanunua, hata maji, kwa mtungi wa mkokoteni. Kilichokosekana ni nazi na samaki wa bahari.

Ila nilistaajabu kumwona sokoni akipimiwa mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kilo 2. Katika nchi ya mahindi!

"Baba, magunia yetu tuliyauza Disemba. Januari karo, Machi mbegu na mbolea. Sasa twayanunua yale yale kwa bei ya juu."

Gunia ni kilo 90, yaani gorogoro 45. Usiku ule tuliketi na kalamu, tukalinganisha alichopata Disemba na anachotoa sasa. Hasara ya mwaka ilikaribia kodi yangu ya mwezi mzima Mombasa.

Tumekubaliana kwamba mavuno yajayo, inshaallah, magunia sita hayatatoka ghalani, na karo ya Januari ya mjukuu mkubwa nitaitoa mimi. Mama yake bado sijamwambia.