Hallstatt, Mji Uliokosa Ardhi

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wakulima, na mkulima afikapo ugenini jambo la kwanza alitazamalo ni ardhi. Basi na tuanze na ardhi.

Mji wa Hallstatt, katika nchi ya Austria, umekaa juu ya ukingo mwembamba sana: mbele ziwa, nyuma mlima uliosimama kama ukuta. Wenyeji wake hawapati 800. Nyumba zao za mbao na mawe zimepandana mtelemkoni, hata mlango wa mtu mmoja hulingana na paa la jirani yake. Shamba halionekani. Mtu apendaye mti wa matunda huupanda palepale penye ukuta wa nyumba yake, akayafunga matawi na kuyatandaza ukutani kama vidole vya mkono, na mti huzaa vivyo hivyo.

Nalitumwa nchi hiyo kwa kazi ya ofisi mwezi wa Septemba 2023, na Jumamosi moja nikapata nafasi ya kwenda kutazama. Kutoka Salzburg ni mwendo wa garimoshi wa saa mbili na nusu hivi, na njiani hubadili gari mahali paitwapo Attnang-Puchheim. Stesheni ya Hallstatt haimo mjini, bali iko ng'ambo ya ziwa, na abiria huvushwa kwa motaboti. Maji ni meusi kwa kivuli cha mlima, na kina chake hufika mita 125. Barabara ya kando ya ziwa haikupasuliwa ila mwaka 1890. Kabla ya hapo mtu alifika kwa mashua, au kwa vijia vya mlimani.

Niliwauliza wenyeji, je, mji wa namna hii huzika wapi watu wake? Wakanielekeza kanisani. Uwanja wa makaburi ni mdogo kama bustani ya mboga, umepambwa maua, nao hautoshi. Kwa hiyo zamani mtu alikopeshwa kaburi tu. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano mifupa yake ilifukuliwa, ikaoshwa na kuanikwa juani hata ikawa myeupe, kisha fuvu la kichwa likaandikwa jina na kuchorwa majani au maua, likawekwa katika chumba kidogo karibu na kanisa. Chumbani humo mna mafuvu 1,200 hivi, na yapata 610 yamechorwa. La mwisho liliwekwa mwaka 1995, nalo ni la mwanamke aliyefariki mwaka 1983. Kwetu sisi jambo hili hutisha, wala sikukaa humo kitambo kirefu. Lakini sikuona dharau hata kidogo. Jamaa wamelala bega kwa bega, mume na mke na watoto wao, na majina yao yasomeka.

Na kwa nini watu wang'ang'anie mahali pabaya namna hii kwa kilimo? Ni kwa ajili ya chumvi. Mlima wote ule una chumvi ndani yake, na watu wameichimba tangu kabla hawajajua chuma. Mwaka 2003 ilionekana humo ngazi ya mbao iliyotengenezwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Chumvi haikuiacha ioze. Mwaka 1734 wachimbaji walikuta maiti ya mwenzao wa kale, imekaushwa na chumvi. Tena toka mwaka 1846 hata 1863 msimamizi wa mgodi, Johann Georg Ramsauer, alifukua makaburi ya kale 980 bondeni juu ya mji, na kwa ajili hiyo wataalamu wameipa enzi nzima ya Ulaya jina la Hallstatt. Lililonishangaza mimi zaidi ni bomba. Tangu mwaka 1595 walitoboa magogo kama 13,000, wakayaunganisha kupeleka maji ya chumvi hadi Ebensee, kilomita 40, kwa sababu kuni za kuyachemshia zilikuwa zimepungua huku.

Siku hizi mavuno ni wageni. Katika siku za msimu huweza kufika 10,000 kwa siku moja, na Wachina wamejijengea Hallstatt yao wenyewe katika jimbo la Guangdong, iliyofunguliwa mwaka 2012. Vibao vya njiani vyawaomba watu wasipige kelele. Mwezi mmoja kabla ya safari yangu, Agosti 2023, wenyeji waliziba njia ya magari kwa muda mfupi, wakidai hesabu ya wageni iwekewe mpaka, na mabasi ya watalii yasiingie baada ya saa kumi na moja jioni. Nami nilikuwa mmoja wa hao wanaohesabiwa.

Mama mmoja auzaye vifuko vya chumvi alinieleza, kwa Kiingereza chepesi, kwamba biashara ni nzuri na hana sababu ya kuilaumu. Yeye amezaliwa Hallstatt, ila nyumba waliyokuwa wamepanga sasa hukodishwa wageni kwa usiku mmoja mmoja. Analala Obertraun, mwisho wa ziwa, na kila asubuhi huja kazini kwa basi pamoja na watalii, akisimama kama viti vimejaa.