MCHEZA SHOO ALIYEGOMA KUPIGA MSAMBA

Jina kapuni, ila ukiwa mtu wa shoo za bongo fleva hapa Dar, sura yake unaijua. Ni yule dada anayecheza nyuma ya msanii, upande wa kushoto. Wimbo ukinoga anashuka msamba mpaka chini, uwanja mzima unalipuka. Msamba huo ndo ulikuwa unamlipia kodi ya chumba.

Mwaka jana mambo yakaharibika. Siku hiyo foleni ilimchelewesha, akapanda jukwaani bila kupasha mwili. Aliposhuka tu, akasikia kitu kimekatika nyuma ya paja. Akatabasamu kwa ajili ya kamera, akainuka kwa kushika bega la mwenzie, akamaliza shoo. Usiku ule hata kukaa kitandani ilikuwa kazi.

Daktari akamwambia msuli umechanika, apumzike, halafu arudi taratibu. Alipumzika wiki mbili tu. Kazi ya shoo haina likizo ya ugonjwa, ukikosa mazoezi mara mbili unakuta nafasi yako ina mtu. Akawa anameza dawa za maumivu na kucheza. Kila asubuhi anajivuta sakafuni mpaka machozi yanamtoka, akiamini mwili mgumu dawa yake ni kuulazimisha.

Mama yake mdogo, ambaye anauza nguo Kariakoo, ndo akamwambia: "Mwanangu, utakufa na huo msamba. Twende China ukanisaidie kuhesabu mzigo."

Wakafikia Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi wa biashara. Kule wako mbele yetu kwa saa 5, kwa hiyo kulipokucha dada wa watu alikuwa hajapata hata lepe la usingizi. Akaamua kutoka, akatembea mpaka bustani ya Yuexiu, ile yenye sanamu ya mbuzi watano.

Saa 12 asubuhi, bustani imejaa wazee. Pembeni kuna kikundi cha mabibi wamewasha spika ndogo, wananyanyua mikono juu polepole kama wanasukuma dari. Dada akacheka moyoni. Haya nayo mazoezi?

Yanaitwa Baduanjin, maana yake vipande vinane vya hariri. Yametajwa kwenye maandishi ya China zaidi ya miaka 800 iliyopita. Yako mapigo 8 tu: kuna la kusukuma mbingu kwa mikono miwili, la kuvuta upinde kama unamlenga mwewe, la kugeuza shingo kuangalia nyuma, na la mwisho unainuka kwa vidole vya miguu na kudondosha visigino mara 7. Pumzi inakwenda pamoja na mkono. Seti nzima haifiki hata robo saa.

Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu akampungia mkono aje. Akaingia kwa dharau. Pigo la pili, la upinde, unatanua miguu na kukunja magoti kama umepanda farasi. Mapaja yakaanza kumtetemeka, yaani yeye, mtu wa jukwaani! Mabibi wametulia tuli.

Pigo la 6 ndo lilimmaliza. Unapitisha viganja mgongoni, unashuka navyo nyuma ya miguu mpaka ushike nyayo, magoti yamenyooka. Akainama kwa kasi ya jukwaani. Bibi akamwekea kiganja mgongoni na kusema neno moja: "Manman." Polepole. Akarudia taratibu, na maumivu yalipoanza akasimama palepale. Mikono ikaishia katikati ya muundi. Mabibi wote wameshika miguu, malkia wa msamba kaning'inia. Akalia akiwa kainama vilevile, na hakuna aliyemrekodi.

Alirudi pale asubuhi 9 mfululizo. Tusidanganyane, hakupona kimiujiza. Alichopata ni kuujua mpaka: pale msuli unapovutika na pale unapochanika. Kwa miaka yote ya shoo, mpaka huo alikuwa anauruka.

Aliporudi Dar akaenda kwa mtaalamu wa viungo, na kila asubuhi akaendelea na mapigo yake 8. Siku ya mazoezi ya shoo kubwa, bosi akataka msamba.

"Bosi, nitacheza kila kitu. Msamba bado."

"Mashabiki wanalipia msamba, dada."

"Basi mtafute mwingine."

Wakamtafuta kweli, binti wa miaka 19. Klipu yake ya kwanza ikasambaa kila kona, watu wakaandika eti yule wa zamani kazeeka. Dada aliisoma yote, akazima simu. Kodi ya mwezi ule alikopeshwa na mama mdogo, na sa hivi anamsaidia dukani huku akicheza harusini.

Juzi binti akampigia usiku. "Shikamoo dada. Samahani, hivi na wewe ulikuwa unaumwa nyuma ya paja?"

Dada akanyamaza kidogo. Angeweza kusema mengi.

"Marahaba. Kesho saa 12 uje kwangu. Usijivute hata kidogo mpaka ufike."

Ungekuwa wewe ndo umeporwa nafasi, ungemfungulia mlango?