Ati Lori la Jeshi Linavuka Popote?

Kila nikiposti Bedford yetu, komenti ni ile ile: "Buda, si hiyo ni ya jeshi? Inavuka popote!" Wasee, hapana. Na wikendi moja ya mvua ya Novemba, nusura niwape ushahidi kwa njia mbaya.

Kama wewe ni mgeni hapa: mjomba wangu wa Masii alinunua Bedford MK iliyostaafu jeshini. Tulitoa turubai, tukajenga chumba cha mbao na mabati nyuma. Kuna vitanda viwili, jiko la gesi na pipa la maji la lita 200. Kwa picha inakaa raha, lakini muda mwingi niko chini yake na grisi mpaka kwa kiwiko. Umeme wake ni volti 24, kwa hivyo chaja yangu ya bei rahisi, ya volti 12, iliungua nikiiangalia. Diseli ikiisha, huwezi kujaza tu ukaondoka. Lazima utoe hewa kwa paipu, ukipampu kwa mkono hadi mapovu yaishe. Na ile nguvu ya magurudumu yote manne ni ya matope na mchanga. Ukiisahau ukiwa kwa lami kavu, unaumiza giaboksi.

Sasa, hiyo wikendi tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Wamunyu. Tukaacha lami, tukafuata njia ya udongo hadi kwa kijito ambacho siku nyingi ni mchanga mtupu, watu wanachimba maji hapo. Siku hiyo kilikuwa kimejaa, maji rangi ya matofali, yanakokota matawi. Nikatoa simu. Nilikuwa nimewaahidi video ya kuvuka.

"Mjomba, twende. Si hii lori ni nzito?"

Hakunijibu. Alishuka, akachomeka kijiti pale maji yalipofika, akarudi. "Kijana, chemsha chai."

Nikanuna. Nikamwambia tunaaibika, hata watu wa bodaboda wanatuangalia. Ndio akaniuliza polepole, "Na ile basi ya Enziu, ilikuwa nyepesi?"

Nilinyamaza. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi, basi lililobeba watu wa kwaya wakienda harusini liliingia Mto Enziu ukiwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wengi wetu huku Ukambani tuliiona ile video. Kuna mtu alikuwa kando ya mto ameshika simu, vile mimi nilikuwa nimeshika yangu.

Mjomba akanieleza kitu sikuwa nimefikiria. Maji yakipanda hadi kwa bodi, hayasukumi tu, yananyanyua pia. Na chumba chetu, vile tumekiziba vizuri mvua isiingie, kitaelea kama mtumbwi. Uzito niliokuwa najivunia ungepungua hapo hapo mtoni.

Tulimaliza sufuria mbili za chai. Baada ya kama saa tatu, kijiti kilikuwa kimebaki mbali na maji. Mjomba akakunja suruali, akavuka kwa miguu kwanza, akipima na fimbo. Maji yalimfika kwa goti. Ndio tukavuka na lori, gia ya chini, mwendo wa kobe. Video yake inaboo kabisa.

Kesho yake alinilaza chini nifungue difu. Oili ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Sili zimezeeka, maji yamepenya. Hayo ni maji ya goti tu, na hatukukaa mtoni hata dakika moja. Ningeiacha hivyo, meno ya difu yangeisha polepole bila mtu kujua, mpaka siku tungekwama mbali na nyumbani.

Kwa hivyo video inayofuata ni mimi nikibadilisha oili. Najua si ile mlitaka. Lakini wewe ukifika kwa mto umejaa, uwe na Probox au lori la jeshi, chomeka kijiti, uchemshe chai. Harusi itangoja, hata laiki zitangoja.